Langalibalele: Mtawala aliyepoteza kila kitu kwa kutosajili bunduki

WASOMAJI wengi wakisikia Kisiwa cha Robben kikitajwa, fikira zao hukimbilia kwa hayati Nelson Mandela, aliyefungwa huko kuanzia 1964 hadi 1982. Miaka 90 kabla ya Mandela kufikishwa kisiwani humo kutumikia kifungo cha maisha, mashua ilimshusha huko mzee mwingine aliyehukumiwa kutorudi kwao kamwe. Huyo alikuwa Langalibalele kaMthimkhulu, mtawala wa Wahlubi wa Natal, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa KwaZulu-Natal nchini Afrika Kusini.

Msiba wake ulianzia kwenye bunduki. Yeye mwenyewe hakumfyatulia mtu risasi. Bunduki zilizomponza zilikuwa mali ya vijana wake, walizozinunua kwa jasho lao, na ambazo serikali ya kikoloni ilitaka ziandikwe katika daftari la hakimu.

Langalibalele alizaliwa takriban 1814, katika nchi ya juu ya Mto Mzinyathi. Wahlubi walikuwa miongoni mwa jamii kubwa za eneo hilo kabla ya vita vilivyoandamana na kuinuka kwa dola la Wazulu. Alikuwa bado mtoto mdogo Matiwane, kiongozi wa Wangwane, alipowavamia na kumuua baba yake, Mthimkhulu. Jamii ikasambaratika. Wengine walivuka milima ya Drakensberg wakaelekea magharibi, wengine wakabaki chini ya kivuli cha wafalme wa Kizulu. Kaka yake, Dlomo, aliuawa kwa amri ya mfalme Dingane, na mnamo 1836 Langalibalele akashika uongozi wa wale waliosalia.

Jina alilokuja kujulikana nalo lina maana ya jua linalowaka vikali, na kwa mtu wa sifa zake lilikuwa na uzito wa pekee. Alisifika kuwa mwombaji mvua hodari, na sifa hiyo ilivuka mipaka ya jamii yake. Pengine ndiyo iliyomfanya aonekane na Wazungu kuwa mtu wa makuu kuliko watawala wengine waliomzunguka, jambo ambalo baadaye halikumsaidia hata kidogo.

Mwaka wa 1848 alikosana na mfalme Mpande wa Wazulu. Kwa kuhofia kuangamizwa, aliwakusanya watu wake na mifugo yao wakavuka mto na kuingia katika koloni la Uingereza la Natal. Huko alikutana na Theophilus Shepstone, afisa aliyesimamia masuala ya Waafrika kwa miaka mingi, mtu aliyeijua lugha ya wenyeji kama mzawa na ambaye wao walimwita Somtseu. Mwaka wa 1849 Shepstone aliwapa Wahlubi ardhi chini ya milima ya Drakensberg, karibu na mji wa Estcourt wa sasa.

Ukarimu huo ulikuwa na hesabu yake. Wasan, waliokuwa wakiishi milimani, walizoea kushuka usiku na kuswaga ng'ombe wa walowezi. Serikali iliwaweka Wahlubi pale wawe ukuta kati ya milima na mashamba ya Wazungu. Walifanya kazi hiyo, na katika muda wa miaka 20 wakawa watu wa neema. Walilima na kuuza mahindi na mtama, walifuga farasi, makundi yao ya ng'ombe yakaongezeka. Walowezi waliokuwa wakitafuta vibarua wa bei rahisi walitazama ardhi ile na watu wale kwa jicho la husuda, kwani mtu mwenye shamba na mifugo hana haraka ya kuajiriwa.

Kisha almasi ikagunduliwa. Kufikia 1871 maelfu ya watu walikuwa wamemiminika katika machimbo yaliyokuja kuitwa Kimberley, na vijana wa Kihlubi walikuwemo. Wachimbaji walihitaji mikono ya kufanya kazi, na upesi wakatambua kwamba hapakuwa na kitu kilichomvuta kijana wa Kiafrika kama bunduki. Wapo waliolipwa bunduki badala ya pesa, na wapo waliopokea mshahara wao wakaenda moja kwa moja dukani. Nyingi zilikuwa magobori yaliyochakaa, masalia ya majeshi ya Ulaya yaliyokuwa yamekwisha kupata silaha mpya, lakini kwa mnunuzi gobori lilikuwa thamani ya miezi kadhaa ya kuchimba na kubeba udongo. Lilitumika kuwinda na kulinda mifugo. Kijana aliyerejea nyumbani nalo begani alihesabiwa kuwa mtu mzima.

Makumi ya maelfu ya bunduki yaliuzwa kwa njia hiyo katika miaka ya mwanzo ya Kimberley. Ajabu ni kwamba yote hayo yalifanyika mchana kweupe chini ya bendera ya Uingereza. Watawala wa eneo la machimbo waliiruhusu biashara hiyo kwa sababu bila bunduki vibarua wasingefika. Kijana yule yule akivuka mpaka na kuingia Natal, koloni jingine la Malkia yule yule, bunduki aliyoinunua kihalali iligeuka kuwa ushahidi wa kosa.

Sheria ya Natal ilimkataza Mwafrika kumiliki bunduki bila idhini ya Luteni Gavana, na kila bunduki ilipaswa kupelekwa kwa hakimu ili isajiliwe. Walowezi walikuwa wachache mno kando ya Waafrika, hivi kwamba kila mmoja wao alizungukwa na Waafrika zaidi ya kumi. Haingekuwa haki kusema hofu yao ilikuwa ya kujifanya. Waliziona silaha zikiingia kutoka machimboni, nao wakahesabu siku.

Lakini hofu ya Wahlubi nayo ilikuwa na msingi. Kuandikisha bunduki hakukuwa kwenda kutaja jina na kurudi. Ilibidi bunduki yenyewe ipelekwe, iachwe mikononi mwa serikali, na mwenyewe asubiri uamuzi wa mkubwa aliye mbali ambaye hakulazimika kutoa sababu. Wenye bunduki walilalamika kwamba zilizopelekwa hazikurudi, au zilirudi zikiwa zimeharibiwa zisiweze kufyatua. Wapo waliosajili na kurudishiwa, ila habari iliyosambaa vijijini haikuwa ya hao. Jina lililokwisha kuandikwa daftarini lilimwambia hakimu nyumba ya kubisha hodi siku serikali itakapobadili nia. Kijana aliyekaa machimboni miezi kadhaa akipata kitu kimoja tu alikuwa na kila sababu ya kukificha.

Kati ya hakimu na vijana hao alisimama Langalibalele. Hakimu wa Estcourt, John Macfarlane, alimtaka awakusanye wenye bunduki na kuzileta. Mzee alijibu kwamba hakuwafahamu wote waliokuwa nazo, jawabu ambalo Macfarlane aliliona la kejeli. Yaelekea lilikuwa na ukweli ndani yake. Watu wake walikuwa maelfu, wametapakaa milimani, na vijana waliokwenda machimboni hawakupita kwa mtawala kueleza walichobeba. Tena tangu hapo mamlaka ya watawala wa jadi yalikuwa yamepunguzwa na serikali yenyewe. Alikuwa akidaiwa atumie nguvu alizokwisha kunyang'anywa.

Hata hivyo, si kweli kwamba Langalibalele alikuwa malaika katika jambo hili. Mwaka wa 1873 aliitwa mara kadhaa afike Pietermaritzburg, makao makuu ya koloni, ajieleze mbele ya Shepstone. Hakwenda. Alitoa udhuru wa ugonjwa, akachelewesha majibu, akawapokea wajumbe kwa ubaridi. Mjumbe mmoja wa serikali, Mahoiza, alivuliwa sehemu ya mavazi yake kabla ya kuruhusiwa kumwona mzee. Habari hiyo ilipofika mjini ilichukuliwa kuwa tusi kwa Malkia mwenyewe.

Kuvuliwa huko kulikuwa na historia, na hapa ndipo kisa chote kinapoeleweka. Mnamo 1858 mtawala mwingine, Matshana kaMondisa, aliitwa kwa mazungumzo na afisa wa serikali. Wafuasi wake waliambiwa waache silaha. Afisa yule, aliyekuwa amekalia bastola aliyoificha, alijaribu kumkamata kwa ghafla, na katika vurumai iliyozuka watu wa Matshana wakauawa. Matshana mwenyewe alinusurika akakimbilia kwa Wazulu. Afisa huyo alikuwa John Shepstone, mdogo wake Theophilus. Kila mtawala wa Natal alikijua kisa hicho. Langalibalele alipoamuru mjumbe apekuliwe, alikuwa akitafuta bastola.

Wakati Theophilus Shepstone alipokuwa nchi ya Wazulu mnamo Septemba 1873, akimtawaza Cetshwayo kwa niaba ya Uingereza, jambo hili lilisimama kwa muda. Aliporudi, yeye na Luteni Gavana mpya, Benjamin Pine, waliamua kutumia nguvu. Mwishoni mwa Oktoba majeshi yaliondoka Pietermaritzburg. Langalibalele, kwa kupata fununu ya kinachokuja, alichukua wanaume na ng'ombe wake akaanza kupanda Drakensberg kuelekea nchi ya Wasotho.

Serikali ilimtuma Meja Anthony Durnford na kikosi cha walowezi wapanda farasi, pamoja na askari Waafrika, waufunge mlango wa milima juu ya Mto Bushman's. Aliagizwa asiwe wa kwanza kufyatua risasi. Safari ya milimani iliwachosha, baadhi wakapotea njia, na asubuhi ya Novemba 4, 1873, Durnford alifika kileleni akiwa na watu wachache waliochoka, akawakuta Wahlubi wakipitisha mifugo. Mtawala wao alikuwa ametangulia mbali. Durnford alijaribu kuzungumza, Wahlubi wakazidi kujikusanya juu ya miamba, na walowezi walipoanza kurudi nyuma risasi zikalia. Watatu kati yao waliuawa, pamoja na Waafrika wawili waliokuwa upande wa serikali. Durnford alichomwa mkuki, mkono wake wa kushoto ukapooza maisha yake yote. Ndiye aliyekuja kufa Isandlwana Januari 22, 1879, Wazulu walipolishinda jeshi la Uingereza.

Vitabu vya zamani viliyaita matukio haya uasi wa Langalibalele, na jina hilo limenakiliwa na waandishi wa vizazi vilivyofuata bila kuulizwa. Kalamu ya uhariri ingelipiga mstari. Mwasi hushambulia au hukataa kutawalika mahali alipo. Huyu alikuwa akihama, ameipa mgongo serikali, ng'ombe wakiwa mbele.

Adhabu iliyofuata haikuwa na kipimo. Wanajeshi na walowezi waliingia katika ardhi ya Wahlubi, ambako walikuwa wamebaki wazee, wanawake na watoto, wakachoma nyumba na kuwasaka waliojificha mapangoni. Waliouawa walikuwa wengi, na wengi wao hawakuwa wapiganaji. Majirani zao, Wangwe wa ukoo wa Phuthini, ambao hawakuwa na bunduki za kuulizwa wala vita na yeyote, walivunjwa pia kwa kushukiwa kuwa waliwatunzia Wahlubi ng'ombe. Mifugo ilitwaliwa ikauzwa. Mamia ya watu waligawiwa walowezi kuwa vibarua. Wale waliokuwa wakiitazama ardhi ile kwa husuda sasa walikuwa na ardhi na vibarua kwa pamoja.

Langalibalele mwenyewe hakufika mbali. Nchi ya Wasotho ilikuwa imewekwa chini ya koloni la Cape tangu 1871, na Molapo, mwana wa mfalme Moshoeshoe aliyefariki 1870, hakuwa tayari kuhatarisha nafasi yake kwa ajili ya mgeni. Alisaidia mzee anaswe, na mnamo Desemba 11, 1873, Langalibalele akatiwa mbaroni huko Leribe. Alirudishwa Natal akiwa amefungwa pingu.

Kesi ilianza Januari 1874. Wanasheria wamekuwa wakiisoma tangu wakati huo kama mfano wa namna kesi isivyopaswa kuendeshwa. Serikali ilitangaza kuwa mshtakiwa angehukumiwa kwa sheria za jadi za Waafrika, na kwa mujibu wa sheria hizo Luteni Gavana ndiye aliyekuwa Chifu Mkuu wa Waafrika wote wa Natal. Kwa hiyo Pine, aliyetuma majeshi, akaketi kuwa hakimu. Mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili wa kumtetea ipasavyo, na mashahidi wa serikali hawakuhojiwa. Kiongozi wa mashtaka alikuwa John Shepstone, yule yule wa bastola ya 1858.

Suala la bunduki, lililoanzisha yote, halikuwa tena na uzito mkubwa katika mashtaka. Kosa kubwa sasa lilikuwa kutotii wito, kumvunjia heshima mjumbe na kuondoka katika koloni bila ruhusa. Huwezi kujua, ukizisoma shughuli za kesi hiyo, ni bunduki ngapi hasa zilizokuwa zikitafutwa. Mnamo Februari alihukumiwa kufukuzwa nchini maisha. Rufaa ilipokatwa ilipelekwa mbele ya baraza ambalo mwenyekiti wake alikuwa Pine.

Natal haikuwa na mahali pa kumfukuzia. Bunge la Cape lilipitisha sheria maalumu mwaka huo ili mfungwa wa koloni jingine aweze kuzuiliwa katika Kisiwa cha Robben, na Agosti 1874 akapelekwa huko pamoja na mwanawe Malambule.

Mambo yangeishia hapo kama si Askofu John William Colenso. Kiongozi huyu wa Kanisa la Anglikana huko Natal alikuwa rafiki mkubwa wa Theophilus Shepstone kwa karibu miaka 20, na Waafrika walimpa jina la Sobantu, yaani baba wa watu. Mwanzoni aliamini maelezo ya serikali. Kisha akaanza kuwasikiliza Wahlubi, akakusanya ushahidi ambao mahakama haikuutaka, akakifufua kisa cha Matshana. Urafiki wake na Shepstone ukafa papo hapo, na walowezi waliokuwa wakijaza kanisa lake wakamkimbia. Mnamo 1874 alifunga safari hadi London kuonana na Waziri wa Makoloni, Lord Carnarvon.

Carnarvon alisadiki. Pine aliondolewa madarakani mwaka uliofuata. Waziri alikiri kwamba kesi ilikuwa na kasoro na adhabu imepita kiasi, akaagiza Wangwe walipwe fidia. Kwa Langalibalele alifanya nusu ya haki. Hakuachiliwa arudi kwao. Mnamo Agosti 1875 alitolewa kisiwani akawekwa katika shamba la Uitvlugt, nje kidogo ya jiji la Cape Town, ambako aliishi chini ya ulinzi kwa miaka 12. Wahlubi hawakurudishiwa ardhi yao.

Mnamo 1881 alipata jirani asiyemtarajia. Cetshwayo, mfalme wa Wazulu aliyetawazwa na Shepstone wakati Langalibalele alipokuwa akingojewa Pietermaritzburg, alikuwa ameshindwa vitani na kupinduliwa na Waingereza hao hao, naye akazuiliwa katika shamba la Oude Molen lililokuwa karibu.

Wakati mzee akiwa Uitvlugt, serikali ya Cape ilijaribu jambo lile lile kwa Wasotho. Sheria ya 1878 iliipa mamlaka ya kuwanyang'anya silaha, na ilipotaka kuitekeleza 1880 Wasotho wakapigana. Safari hii wenye bunduki walikuwa wengi na milima ilikuwa upande wao. Cape ilishindwa kuwatiisha, na suluhu ya 1881 ikawaacha na bunduki zao kwa sharti la kuzikatia leseni. Kufikia 1884 Cape ilikuwa imechoka nao, ikairejesha nchi hiyo chini ya utawala wa moja kwa moja wa Uingereza. Kwamba Lesotho leo ni nchi huru, si mkoa wa Afrika Kusini, kunatokana kwa kiasi fulani na vita hivyo vya bunduki.

Colenso alifariki 1883 bila kumwona mfungwa wake akirejea. Binti yake, Harriette, aliendelea kuandika barua na kudai. Hatimaye 1887, Langalibalele akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, serikali ilimruhusu arudi Natal. Hata hapo hakupelekwa kwa Wahlubi. Aliwekwa katika eneo la Zwartkop, karibu na Pietermaritzburg, chini ya mtawala mwingine, mbali na milima aliyoilinda kwa miaka 24. Alifariki huko Natal mwaka wa 1889.

Alipokuwa bado safarini kukimbia, mwalimu na mhubiri mmoja wa Natal alikuwa na mtoto wa miaka miwili aliyebeba jina la mtawala huyo. Mtoto huyo, John Langalibalele Dube, ndiye aliyechaguliwa 1912 kuwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Nalo shamba la Uitvlugt liligeuzwa 1901 kuwa makazi ya Waafrika waliohamishwa kutoka Cape Town, na 1927 mtaa mwingine ukafunguliwa jirani ili kuwapokea. Mtaa huo unaitwa Langa.